Koo la Silinda Mbili

Jina la Nukta hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wa gereji za mtaa ule, kwa sababu ukimpelekea chuma akukerezee, hakurudishii mpaka kipimo kilale pale pale ulipotaka. Hata tofauti ya unywele haitaki. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na mashine ya kukereza iliyomzidi umri, aproni ya ngozi, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayesema "kama milimita kumi hivi." Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, mjane, masikio yamekuwa mazito kidogo kwa kelele za chuma, na hakuwahi kukutana na swali lililomshinda, maadamu jibu lake lilipimika.

Lililomshinda aliletewa na ndugu yake wa tumbo moja.

Kaka yake alikuwa na timu ya mbio za pikipiki kubwa, na timu yenyewe ilikuwa watu wawili: yeye fundi, binti yake mwendeshaji. Pikipiki yao ilikuwa ya silinda mbili, ilhali karibu wapinzani wote walikuwa na silinda nne. Tofauti hiyo kaka aliieleza kwa yeyote aliyekaa naye dakika tano.

"Silinda nne ni wapagazi wanne wembamba, wanakwenda mbiombio," alisema. "Yangu ni mapandikizi mawili ya watu. Hawakimbii, wanasukuma."

Kwa kuwa wembamba wale hawakamatiki kwenye barabara iliyonyooka, sheria iliziruhusu silinda mbili ziwe na injini kubwa zaidi, kwa sehemu moja ya tano. Kisha, ili nazo zisije zikavuka mipaka, kila silinda ilivishwa pete ya chuma kwenye njia yake ya hewa. Tundu la pete likiwa pana, injini inavuta pumzi. Likiwa jembamba, inakabwa koo.

Msimu ulipoanza, binti alishinda mbio mbili za kwanza. Wenye silinda nne wakaja juu. Jumatatu yake Katibu wa Ufundi wa chama cha mbio, bwana mrefu asiyeachana na faili lake kwapani, akaingia kwenye karakana ya Nukta.

"Dada, pete zinashuka. Kutoka milimita hamsini hadi arobaini na nane. Nakuomba unikerezee za timu zote tatu za silinda mbili."

"Unajua mmoja wa waendeshaji ni mtoto wa kaka yangu?"

"Najua. Ndiyo maana nitazipima moja moja mbele yako."

Nukta akazikereza. Kaka alipopata habari alikuja mbio, hata salamu hakutoa.

"Umemkaba mtoto wako mwenyewe!"

"Chuma hakijui ukoo, kaka."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Milimita mbili hizo, basi hatuna injini tena. Tuna kikohozi."

Jumapili binti akashinda na kikohozi chake, tena kwa kuwaacha wenzake mbali kuliko alivyowahi kuwaacha.

Nukta alipopigiwa simu alidhani hakusikia vizuri. Alirudia mara mbili, "Ameshinda? Na zile nilizokereza mimi?" Siku iliyofuata Katibu alirudi, safari hii uso umemkunjamana, akazitoa pete kwenye bahasha. Wakazipima pamoja kwa maikromita. Arobaini na nane, bila nyongeza wala upungufu. Akampa Nukta azipime peke yake. Arobaini na nane. Wakatazamana kama watu waliopotea njia na kila mmoja alikuwa akimfuata mwenzake.

"Labda wale wengine walikuwa na siku mbaya," Katibu alisema.

"Wote kumi na saba?"

Katibu akazirudisha pete kwenye bahasha.

Mbio mbili zilizofuata zilikuwa kwenye kiwanja kingine, chenye barabara ndefu iliyonyooka, na huko binti akamaliza wa saba, kisha wa tisa. Timu za silinda mbili zikaandika barua kwamba zinaonewa. Chama kikasikia kilio chao, pete zikarudishwa hamsini, na Nukta akakereza nyingine. Mbio zilirudi kwenye kiwanja cha nyumbani chenye kona nyingi, pale pale binti alipokuwa akishinda mwanzo wa msimu kwa hamsini hiyo hiyo. Kaka aliinunulia timu fulana mpya. Binti akawa wa sita.

Hapo akili ya Nukta ikaanza kumzunguka kama pia. Alichukua karatasi, akaandika ukubwa wa tundu upande mmoja na nafasi ya binti upande wa pili, akatafuta mstari wa kuviunganisha. Hakuna. Akamuuliza kaka, kaka akasema ni meno ya gia ya nyuma. Akamuuliza Katibu, Katibu akasema ni joto la hewa. Kila jibu lilikuwa na sura ya ukweli, na hakuna hata moja lililokubali kukaa na jingine.

Jumatano moja adhuhuri binti alikuja karakana peke yake, amevaa kandambili, akaketi juu ya kreti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Hajui kama niko hapa." Akajikuna shingo. "Nataka unikerezee zile za arobaini na nane."

Nukta akazima mashine ili asikie vizuri. "Zile za kukukaba?"

"Ndiyo. Kwa hamsini injini inanirukia. Nikitoka kwenye kona nikifungua mafuta, tairi la nyuma linateleza, nalazimika kungoja. Kwa arobaini na nane ilikuwa mpole, nafungua mapema. Ila kwenye barabara ndefu wananipita kama nimesimama. Sasa, kipi ni kipi, sijui. Labda ni woga wangu tu, shangazi."

"Na sheria?"

"Inasema tundu lisizidi hamsini. Haijasema lisipungue."

Nukta hakujua acheke au alie. Mwezi mzima kaka yake alikuwa akimlaumu kwa kumnyonga mtoto, na sasa mtoto mwenyewe anakuja na shingo yake kuomba kamba. Akimkatalia, atakuwa amemzuia kwa jambo analolijua yeye anayekalia pikipiki. Akimkubalia, atakuwa amemzunguka kaka yake mkubwa. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa, kisha akawasha mashine.

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, alikwenda mwenyewe kutazama. Alisimama kwenye kona ya mwisho, amejiziba masikio ambayo tayari hayakuwa mazima. Aliona pikipiki ya binti ikitoka kwenye kona mbele ya wenzake, kila raundi, kwa muungurumo mzito wa kifuani. Kisha akaona zile za silinda nne zikilia kwa sauti nyembamba na kuimeza kabla ya kona inayofuata. Ikitangulia, ikimezwa, ikitangulia, ikimezwa. Binti alimaliza wa tatu. Nukta akajiuliza kama hilo lilikuwa jibu, na kama lilikuwa jibu, lilikuwa la swali gani.

Baada ya mbio, Katibu alipima pete mbele ya watu.

"Arobaini na nane!" alitamka kwa mshangao.

Kaka akageuka polepole. Hakumtazama binti yake. Alimtazama dada yake.

"Ni mimi niliyemwomba, baba," binti akawahi kusema.

"Nami nilizikereza," Nukta akasema. "Samahani, kaka. Nilipaswa kukwambia."

Kaka alikaa juu ya tairi kuukuu. Walingoja apige kelele, hakupiga. Alionekana kama mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua.

"Tungeweka hamsini," alisema mwishowe, "angekuwa wa ngapi?"

"Sijui."

"Wa kwanza?"

"Au wa kumi. Kaka, kweli sijui."

Siku nne hawakusemeshana. Ya tano kaka alikuja karakana na chupa ya chai, akatoa salamu zote, akauliza hali ya mashine, mgongo, na jirani ambaye siku zote hampendi. Kisha akakohoa.

"Nilikuwa nafikiri," alisema. "Arobaini na tisa je?"

Nukta alimkerezea za arobaini na tisa. Msimu ukaisha binti akiwa wa tatu kwenye jumla, pikipiki mbili za silinda nne mbele yake na nyingine nyingi nyuma. Wiki hiyo hiyo Katibu alipokea barua mbili, moja ikilalamika kwamba silinda mbili zinapendelewa mno, ya pili kwamba zinauawa. Alizipeleka karakana, akamwomba Nukta azisome na kumshauri.

Nukta alizisoma zote mbili, mara mbili mbili, akaona kila mwandishi ana haki. Akamrudishia, akamwambia kwamba amezoea vitu vinavyokaa kimya vikipimwa. Kisha akauliza tundu la mwaka ujao litakuwa la ukubwa gani, maana chuma kilikuwa tayari mdomoni mwa mashine.

Katibu alifungua faili lake, akapekua kurasa akiitafuta namba, akalifunga.