Majani Mawili na Chipukizi

Siku ile naikumbuka kwa matope, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Lodwar, kwenye kazi ya barabara. Nikapanda lori la samaki wakavu hadi Kitale, nikalala kwenye benchi Nakuru, nikashuka Kericho mvua ya alasiri ikimwagika, na kipande cha mwisho hadi Roret nikakitembea huku viatu vikiongezeka uzito. Mke wangu Chebet alikuwa amenipigia simu akasema maneno machache tu: "Macho yangu yamekuwa manjano. Ukija, njoo."

Ukija, njoo. Niliyatafuna maneno hayo njia nzima. Mume anayeambiwa hivyo na mkewe ajue amekwisha kuzoeleka kuwa mgeni.

Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu wa miguu. Kwetu ni ng'ambo ya Chepilat, mji wa mpakani, na tangu nimalize sekondari sijapata kuona lori likipita nisijiulize linakwenda wapi. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, nami methali hiyo niliibeba kama kitambulisho.

Chebet alikuwa kwa nyanya yake, tuliyemwita Kogo, katika nyumba iliyozungukwa na chai pande tatu. Hospitali ilikuwa imempima damu ikakuta homa ya ini aina ya C. Daktari alisema huenda ilitokana na damu aliyoongezewa zamani akiwa msichana, tusipoteze nguvu kutafuta wa kulaumu. Vidonge vya kutibu vipo, alisema, lakini tungoje vipimo vingine kwanza.

Kungoja! Afadhali angenituma Lodwar kwa mguu.

Huku, mgonjwa hupikiwa supu ya mbuzi yenye mafuta, iliyochemshwa na magome na mizizi michungu, na mwanamume anayempenda mkewe huonekana kwa ukubwa wa sufuria. Basi nikazunguka. Soin nikatafuta gome, Sotik mizizi, nikarudi jioni nimechafuka na kujiona shujaa. Chebet alikunywa kwa heshima. Kila bakuli alilitapika, na mwili ukazidi kumwasha. Tulipomrudisha hospitali daktari aliniuliza nimempa nini, nikajieleza kwa fahari.

"Ini ndilo linashughulika na kila kitu unamnywesha," akasema. "La mkeo limechoka, na wewe unalibebesha gunia. Mizizi, acha. Pombe, hata tone hapana. Na dawa ya maumivu usimnunulie dukani kabla ya kutuuliza."

Akili nyingi huondoa maarifa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa navaa viatu tena. Kogo alikuwa kwenye mistari ya chai karibu na lango, kikapu mgongoni.

"Unaenda wapi tena?"

"Bomet, Kogo. Nimesikia kuna mtu huko ana asali ya..."

"Wewe kila siku umesikia! Hiyo miguu ni yako ama uliazima? Kuja hapa uchume."

Nilichuma kwa hasira, kiganja kizima kizima. Kogo alichungulia kikapu changu, akakimwaga chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe? Majani mawili na chipukizi, basi. Halafu unawacha kichaka kipumue, unarudi siku ingine. Ukikivua nguo zote leo, wiki ijayo utachuma nini?" Kisha hakucheka tena. "Chebet ni hivyo hivyo. Unamletea mbuzi mzima na tumbo yake inataka kijiko. Unampenda na miguu, mjukuu wangu. Saa ile atasikia njaa kidogo, nani atakuwa hapo?"

Lori la majani lilipita barabarani na shingo yangu ikageuka yenyewe.

"Wacha liende," Kogo akasema. "Litarudi. Hilo halijawahi kupotea."

Mwanangu, nilianza kujifunza kukaa, na hakuna kazi ya barabara iliyowahi kunichosha namna ile. Asubuhi, kabla Chebet hajainuka, nilimpa kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, maana kichefuchefu hupenda tumbo tupu. Baadaye uji mwepesi. Mchana mboga za managu zisizo na mafuta mengi, maharagwe au yai, ugali kidogo. Jioni tena kidogo. Chumvi tulipunguza kwa sababu miguu yake ilianza kuvimba, na daktari tulimwambia. Alipowashwa nilimkata kucha, nikamwogesha maji yasiyo moto, nikampa nguo laini za pamba. Uchovu ulipomlaza, nilichuma chai kwa zamu yake na kuumeza ulimi uliotaka kusema "jikaze".

Siku nyingine alinichoka. "Umenisimamia kama askari! Nenda kituo cha chai uone watu!"

Nikaenda. Na huko kituoni simu ya msimamizi wa Lodwar ikanifikia: nirudi mara moja, au nafasi apewe mwingine. Nilitazama barabara. Nyayo ziliniwasha kuliko ngozi ya Chebet. Nikawaza kiazi cha asubuhi, nani atakichemsha. Nikasema, "Mpe mwingine," nikaikata kabla miguu haijasikia.

Nilipofika nyumbani nilikuta majirani wamekuja kumpa pole, na kikombe cha Chebet kimewekwa peke yake dirishani, kama cha mbwa. Kilikuwa na mursik, yale maziwa ya kibuyu, nusu. Chebet alikuwa akitazama sakafu. Daktari alikuwa ametueleza: ugonjwa huu hupitia kwenye damu, hauendi kwa kikombe wala kwa kukumbatiana, kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake, imetosha. Nikakichukua kikombe mbele ya wote, nikanywa mpaka chini.

Chebet akainua uso. "Umemaliza yangu yote, mlafi wewe!"

Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu nifike.

Vidonge vilikuja. Alivimeza kila siku bila kuruka, nami nikiwa pale. Miezi kadhaa baadaye damu ilipimwa tena na virusi havikuonekana, ingawa ini lenyewe bado hukaguliwa na pombe bado ni mwiko.

Basi sikia, mwanangu. Mwenzio akiugua, mpeleke kwa wanaojua, kisha kaa. Mlishe kidogo, urudi. Uliza kabla ya kumnywesha chochote. Usimtengee kikombe. Mapenzi ya mbio humchosha mgonjwa.

Siku tuliyoihama Roret moja kwa moja, nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu nikidhani naondoka peke yangu kutafuta kazi. Chebet akatoka na lake.

"Umekaa na mimi," akasema. "Sasa mimi nitatembea na wewe."

Kogo alipiga funda la maziwa, akatutemea kidogo vifuani kama wazee wa kwao wanavyobariki, akasema neno ambalo nami nakupa wewe: Mungu akupe miguu ya kufika, na akupe makalio ya kukaa ukishafika.