Kiti cha Pili Mbele ya Kamera

Saa kumi na moja jioni, Mwanahamisi Zakaria anafunga ushungi akijitazama kwenye kioo cha simu. Jenereta linanguruma nyuma ya studio ndogo ya televisheni mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo kuna viti viwili mbele ya kamera, na hicho cha pili kinamweka roho juu.

Ndiye mwanamke wa kwanza kusoma habari katika studio hiyo. Wazee walipinga, si kwa sababu ya habari zenyewe, ila kwa sababu ya matangazo ya vifo yanayosomwa mwishoni.

"Balisema sauti ya mwanamuke haiwezi tangaza maiti," anasema akicheka kidogo. "Leo bantu habaanze kulia mpaka mi nisome jina."

Hatii chumvi. Hapa hata jirani aliyeona jeneza husubiri taarifa ya jioni ndipo aende matangani. Sokoni wapo kina mama wanaomkwepa, wasije wakaulizwa majina yao. Heshima ameipata kweli, lakini ni heshima yenye woga.

Mwaka jana boti ilizama ziwani ikitoka rasi ya Ubwari. Maiti moja iliokotwa ufukweni Lweba, uso haujulikani, mwilini koti la Uledi, mchuuzi wa samaki. Ndugu zake walilitambua koti, wakaleta tangazo, Mwanahamisi akalisoma. Nadia, mkewe Uledi, akalia na kukaa eda.

Kumbe Uledi alikuwa amemwazima koti abiria aliyetetemeka kwa baridi. Yeye mwenyewe aliokolewa na wavuvi wa Ubwari, akaugua kwao muda mrefu. Aliporudi Baraka, watu walitimua mbio. Nadia hakufungua mlango.

"Aliniambia, 'Bwana yangu nilimulilia, Mwanahamisi akamutangaza. We ni nani?'" anasimulia Uledi, kwa sauti inayokulazimu usogee karibu.

Tangu hapo hushinda kwenye kizingiti cha studio. Wapita njia hawamsalimii. Muuza chai hummiminia kila mtu, akifika kwake anampita, na wala haonekani kufanya makusudi. Ukikaa naye kidogo, mwili unakusisimka.

Mwanahamisi ametangaza mara nyingi kwamba Uledi yu hai. Wapi! Jambo hilo linamuuma mno.

"Kumuua nilimuua na jina tu," anasema. "Kumurudisha ndiyo kunanishinda."

Ndiyo maana leo amemkalisha kando yake. Nadia ameahidi kutazama. Néhémie, mpiga picha, anawasha kamera. Mwanahamisi anasoma habari, kisha anamgeukia Uledi, anamuuliza jina lake, jina la baba yake, mtaa wake. Uledi anajibu yote.

Taarifa inapokwisha, simu inaita. Ni Nadia. Mwanahamisi anaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Dada, nimekuona vizuri," Nadia anasema polepole. "Lakini ulikuwa unaongea na nani? Kile kiti kingine hakina muntu."

Simu inakatika. Uledi anatazama viganja vyake.

"Mi namuona," anasema Néhémie upesi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Iko pale."

Mwanahamisi anajua mji utasema nini juu ya mwanamke kumshika mume wa mtu hadharani. Hajali tena.

"Kesho rudia hapa, kaka," anamwambia Uledi. "Nitakushika mukono mbele ya kamera. Nadia akiona nimeshika muntu, atafungua mulango."

Anaunyosha mkono wajaribu sasa hivi. Katikati ya viti viwili, mkono wake unasita, usije ukashika hewa tupu.