Kumsindikiza Fundi Hadi Getini

Usinicheke, ndugu yangu, lakini nililia Japani kwa sababu ya kupungiwa mkono. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekodi kigari kidogo chenye umbo la sanduku, tukazunguka nacho milimani tukishangaa kila kitu. Hakuna anayepiga honi. Kando ya mashamba ya mpunga kuna mashine zinazouza kahawa ya moto ndani ya kopo. Kuna meza za mboga zisizo na muuzaji: unachukua figili, unaacha sarafu kwenye kisanduku, unaenda zako. Nikamwambia mume wangu kwamba kwetu Malvern, mtaa wa Johannesburg, pale Jules Street, kisanduku kingeondoka kabla ya figili.

Asubuhi moja tukaaga nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alitutoa hadi barabarani, akainama, akaanza kupunga mikono. Tulikuwa tumeshafika mbali, na kwenye kioo nikamwona bado anapunga, mpaka kona ikamficha. Machozi yakanitoka, maana nilikuwa nimemwona Baba.

Baba ni mtu wa Lubumbashi, na kwake mgeni anayeagiwa mlangoni amefukuzwa. Johannesburg ilimnyang'anya mengi, hilo ikashindwa. Kila Desemba jirani yetu, fundi cherehani, alipokwenda kwao, Lubumbashi hiyo hiyo, Baba alimsindikiza kwa gari. Fundi alikuja na pasipoti, aliweza kwenda na kurudi. Sisi tulikuwa wakimbizi: ukirudi ulikokimbia, karatasi umeipoteza. Kwa hiyo bibi, mama yake Baba, nilimjua kwa sauti ya simu tu.

Mama alichemsha mayai na kukaanga kuku utadhani tunasafiri sisi. Tulivaa nguo za sikukuu. Gari la fundi lilitangulia na magodoro juu, blanketi tulilomtumia bibi likiwa ndani, letu likafuata. Kwenye geti la kwanza la kulipia barabara tulisimama, tukala pamoja, na Baba akamwambia fundi yale yale ya kila mwaka: "Umwambie mama, niko nakuya." Kisha tukageuza.

Mwaka 2012 bibi aliugua. Desemba ile, tulipofika getini, Baba hakusimama. Alilipa akaendelea nyuma ya fundi. Mama alikuwa na yai mkononi, hakulimenya. Tulipita mji wa Polokwane, njia ya mpakani, jua likawa kali, na mimi nikaamini kabisa kwamba tunakwenda. Nilianza kupanga nitamwambia nini bibi.

Mbele kidogo Baba aliingia kituo cha mafuta, akazima gari. Alishuka, akasimama kando ya barabara akipunga mkono mpaka gari la fundi likapotea, na lilipopotea akaendelea kupunga.

"Papa, hatuendi?" nikamuuliza.

"Na nyinyi mutasoma wapi?"

Tulirudi Malvern bila mtu kugusa chakula.

Bibi alifariki kabla fundi hajarudi. Tangu hapo Baba hakumsindikiza mtu, na fundi naye akaja akahama. Siku hizi Desemba watu wanaondoka bila kugongeana mlango.

Karatasi zetu za ukaazi wa kudumu zilikuja nikiwa mtu mzima, nikapata pasipoti iliyonifikisha hadi Japani. Niliporudi nilimwambia Baba twende Lubumbashi, nitaendesha mimi. Hakuinua hata macho.

"Kwa nani?" akauliza.