Samaki Waliosuswa na Nzi

Sijui kujisifu kwa kificho, kwa hiyo niseme mapema: miaka ile ya tisini hapakuwa na mwanamke pale Mlabani, kijijini kwetu kando ya mto, aliyenishinda kubanika samaki. Kambale wangu walikauka bila kuungua, na wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliniulizia kabla sijatua beseni gulioni.

Asubuhi moja wavuvi waliniletea perege na kambale wanono kutoka kwenye bwawa lililoachwa na mto, juu kidogo ya kivuko. Nikawapasua, nikawaosha, nikawapanga uchanjani wachuruzike maji kabla sijawasha moto. Mama mkwe wangu, aliyebanika samaki tangu usichana wake, akaja kutazama. Nikampa shikamoo, kisha nikamtania.

"Mama, umeona usafi wangu? Hata nzi anaona haya kutua."

Hakucheka. Akaokota utumbo niliotupa, akauweka juu ya jani, akachuchumaa. Nzi wakazunguka pale, wakahamia kwenye maganda ya ndizi. Utumbo hawakuugusa.

"Mwanangu, nzi hana tabia ya kususa chakula," akasema. "Samaki hawa hawaliwi."

Nilikasirika, sikatai. Gulio lilikuwa kesho yake, na samaki wenyewe walikuwa wa kutamanisha. Lakini ningemuua mtu kwa mkono wangu huu huu ninaojivunia? Tukachimba shimo mbali na kisima, tukawafukia wote.

Jioni wavuvi walitupeleka bwawani. Kando ya matete tukaona mapipa ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba, ya zamani, yameliwa na kutu, nusu yamezama. Mtu fulani alikuwa amesafisha ghala lake akaamini kwamba maji humaliza kila kitu. Tulimwita bwana shamba. Alisema dawa ile haimalizwi na maji, inalala kwenye tope, na kambale naye maisha yake ni kwenye tope. Akatusimulia kwamba hata baharini, huko Ulaya, baada ya vita serikali zilizamisha mabomu ya sumu, na mpaka leo wavuvi huyanasa nyavuni, na samaki wa huko chini wanadhurika. Nikamtazama mama mkwe wangu, kanga imelowa hadi magotini, nikajivuna. Serikali zote zile na wasomi wao hawakuwa na mtu kama huyu wa kumuuliza.

Siku ya gulio nilikwenda na beseni tupu. Nikasimama mahali pangu nikawaambia watu wasinunue samaki wa bwawa lile. Muuzaji mwenzangu, aliyekuwa amebeba samaki wa huko huko, akanitolea maneno mbele ya watu.

"Umekosa mzigo, sasa unatuharibia wenzako. Mchawi wewe."

Wateja wakatuogopa wote wawili. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, maana jina langu ndilo lilikuwa biashara yangu.

Mapipa yalikuja kuondolewa na bwawa likafungwa. Wiki kadhaa baadaye nilirudi gulioni na samaki wa ng'ambo ya mto. Watu walipita wakinitazama kwa pembeni, hakuna aliyesimama. Kisha akaja yule yule aliyeniita mchawi, mwanawe mdogo mgongoni. Akainua kambale mmoja, akamgeuza.

"Umembanika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akamega kipande cha mgongoni, akachambua miba, akampa mwanawe.