Soda ya Baba Kwenye Palizi

Siku ya kwanza ya kazi, Bibi alifika zahanati ya Mtinko na begi jipya. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, hakusubiri hata amalize kuamkia.

"Mama, kazi yako nyepesi. Waambie pombe ni sumu. Wakielewa, wataacha."

"Na wasipoelewa?"

"Waambie tena."

Bibi anasimulia, mimi naandika. Mimi siyo msemaji, hata darasani jibu nikilijua nakaa nalo. Labda ndiyo maana amenipa mimi kazi hii ya kuandika maisha yake ya uhudumu wa afya kijijini.

Kazini Bibi alijifunza kwamba mlevi wa miaka mingi haachishwi ghafla nyumbani. Mikono hutetemeka, wengine huanguka kifafa, kwa hiyo anapelekwa zahanati kwanza. Baadaye ndiyo unakuja unasihi, mazungumzo ya kumsaidia mtu aamue mwenyewe. Kisha Bibi akahamishiwa kwetu Mungaa, chini ya afisa ustawi wa jamii, mama mpole. Huko mgonjwa aliyemshinda alikuwa mwanawe, yaani baba yangu.

Baba alikuwa amemaliza miezi minne bila pombe. Ikaja palizi ya ujima kwenye alizeti za jirani yetu, Mzee Njiku. Kwenye ujima halipwi mtu. Mnapalilia, halafu kibuyu kimoja cha pombe ya mtama kinazunguka. Ukikikataa, umemkataa mwenye shamba. Bibi akaona amfungie Baba soda.

Kibuyu kilipokaribia, Baba akafungua chupa.

"Loo! Mtoto wa daktari ana sherehe yake!" mmoja wa majirani akapaza sauti.

"Mleteeni na keki!" mwingine akadakia.

Kibuyu kikamruka. Baba akaiweka soda chini bila kuionja. Nilikuwepo, wakati huo nikiwa darasa la tano, nikatazama miguu yangu. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Bibi alimkuta kilabuni siku ya tatu, hajitambui.

Afisa ustawi hakumgombeza Bibi. Alisema tu, "Tumemtenga mbele ya watu. Amekwenda kwa wanaompokea."

Baba alipotoka tena zahanati, Bibi alikwenda kwa Mzee Njiku, akaomba kibuyu cha kwanza kwenye ujima kiwe cha togwa iliyopikwa asubuhi, haijachachuka. Pombe ije baadaye, anayetaka kuondoka awe ameshaondoka.

"Togwa ni ya watoto," Mzee akasema.

"Na huyu ni mtoto wangu."

Mzee akamwita mkewe aloweke mtama. Kwenye palizi iliyofuata alikunywa yeye kwanza, akampa Baba kibuyu kwa mikono miwili. Baba akanywa, akampa wa pembeni yake. Hakuna aliyecheka.

Sasa Bibi amestaafu. Anasema wengi walimponyoka, wengine amewazika. "Nilikuwa nawatoa kilabuni, nawaacha njiani bila wa kuwapokea," anasema. "Na ya soda uiandike. Usinifichie."

Niliogopa. Hiyo ni aibu ya Baba pia. Jana nikampa Baba daftari, nikasimama mlangoni. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nikawaza, akikasirika ataenda wapi?

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi, Baba?"

"Hukuandika ni soda gani. Ilikuwa ya chungwa."

Akanirudishia daftari, akachukua jembe. Leo ujima uko kwetu, na togwa ameipika mwenyewe.