Coralie na Gari Lililotaka Jina

Miaka kumi na mmoja Coralie Napaljarri amekuwa akiwatoa wagonjwa wa figo Yuendumu, kijiji cha wenyeji asilia katikati ya Australia, na kuwapeleka mjini Alice Springs kusafishwa damu, kilomita karibu mia tatu, na hajapotea hata siku moja. Halafu eti wakamletea gari la kumwonyesha njia.

Gari lenyewe zuri, sikatai. Lakini kioo chake cha ramani kimefungwa, hata ukikigusa hakikubali. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, unataja unakokwenda kwa mdomo wako, na safari inajiandika ofisini mjini. Trevor, msimamizi wa magari, alishasema: safari tatu zisizotajwa, ufunguo unarudi kwake. Coralie alikuwa na mbili tayari.

Mdomo anao, tena mkali. Ila nyumba ya matibabu iko kwenye mtaa wenye jina sawa na la kaka yake, na kaka yake walimzika miezi miwili iliyopita. Jina la marehemu halitajwi, basi. Hata wajina wake pale kijijini siku hizi wanaitwa Kumanjayi, yaani asiye na jina. Na siku hiyo mgonjwa aliyekaa kiti cha mbele alikuwa Nakamarra, wifi yake, mjane mwenyewe, ambaye tangu msiba hajafungua kinywa. Anasema kwa mikono, kama wajane wa kwao wafanyavyo.

"Tafadhali taja unakokwenda," gari likasema.

"Utangoja sana," Coralie akalijibu, akakanyaga mafuta.

Nusu ya njia simu ikaita kwenye spika za gari. Trevor.

"Mama Coralie, naona gari linatembea na safari haijatajwa."

"Linatembea kwa sababu naliendesha."

"Ni neno moja tu, mama. Kama wewe hutaki, mwambie mgonjwa akusaidie."

Mikono ya Nakamarra ikaganda mapajani.

"Huyo unayetaka alitamke ni mke wa marehemu mwenye jina," Coralie akasema.

"Haya, nitalisema mimi. Gari litanisikia. Nenda mtaa wa—"

Akamkatia simu. Wala hakupunguza mwendo.

Alasiri, wifi alipomaliza matibabu, walimkuta Trevor mapokezi, kiganja wazi.

"Sheria ni sheria, mama. Nilikuonya."

Coralie akauweka ufunguo mezani, si kiganjani. "Chukua. Kesho nenda Yuendumu, piga hodi nyumba kwa nyumba, umtafute dereva atakayelitaja jina hilo mbele ya mwanamke huyu. Ukimpata, mpe gari. Ukimkosa, utawaendesha wewe."

Ndipo Trevor alipomtazama Nakamarra kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kiganja chake kikashuka polepole.

Nakamarra ndiye aliyeuokota ufunguo. Akautia mkononi mwa wifi yake, akamfumba vidole, kisha akaonyesha kwa ishara: nyumbani. Hakuna aliyewazuia mlangoni.

Ndani ya gari ile sauti ikauliza tena.

"Nyumbani," Coralie akaiambia, na safari hiyo ikaandikwa.

Ufunguo anao mpaka leo, na safari zake za kwenda zisizotajwa Trevor hazihesabu tena. Na wewe unayetaka kuniuliza mtaa ule unaitwaje, usijisumbue. Sikulitaja mwanzo, silitaji sasa.