Mwenye Ufunguo Yuko Karatu

Mama ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba nesi wake amefariki. Nikauliza, kwa ugonjwa gani? "Presha," akasema, kisha akaongeza, "na uchovu." Sikubisha. Nilikuwa nimemwona kaka yule akihudumia chumba kizima peke yake, akila muhogo amesimama.

Mara mbili kwa wiki mama hutoka Buger kuja Karatu kusafishwa damu kwa mashine, kupitia mrija uliopachikwa kwenye mshipa wa shingo. Masika iliyopita bakteria waliingia humo. Mama alitetemeka kwa homa, na mishipa yake mingine mikubwa ilishaharibika; mrija ukitolewa, hapakuwa na pa kuweka mwingine. Daktari akaandika sindano, na nesi akaongezewa kazi: kila mashine ikizimwa, ajaze antibiotiki ndani ya mrija, kiasi kidogo tu, aufunge. Dawa ilale humo bila kuingia mwilini. Siku ya mashine aivute, aimwage.

"Unamwaga dawa?" mama alimfokea. "Kwetu ukimwaga maziwa hivyo, zizini huingii tena."

"Mama, huyu ni askari wa geti. Zamu ikiisha unamkaribisha chumbani?"

"Nimkaribishe na soksi zake zinazonuka!"

Juu ya plasta ya shingoni nesi akamwandikia kwa kalamu nene: KUFULI. USISUKUME. Wiki moja mama aliharisha, na kwenye zahanati ya nyumbani wakataka kupitisha dripu kwenye mrija huo huo. Akafunika shingo kwa kiganja. "Hapa pamefungwa. Mwenye ufunguo yuko Karatu." Walicheka, lakini walimpigia nesi simu. "Msikilizeni mama," alijibu, sauti imemkauka. Dripu ikawekwa mkononi. Mrija ukapona, na homa haikurudi.

Homa isiyorudi haina sherehe. Huku kwetu tunampigia makofi aliyeleta lami, aliyeleta watalii. Aliyezuia kitu kisije tunamsahau kabla hajafika nyumbani. Mimi mwenyewe, ninayejidai kuishi kwa maneno, sikuwahi kumwambia asante. Nilidhani yupo tu, kama geti.

Alhamisi nilimpeleka mama. Nesi mpya, binti mdogo, alipoinua bomba la sindano, mama akakamata kola ya gauni lake. "Ufunguo alikuachia?"

Binti hakucheka. Alimwonyesha bomba, tupu. "Kwanza navuta, mama, sisukumi. Alinichapa vidole mpaka nikashika."

Mama akaachia kola. Dawa ikatoka polepole, ikamwagwa, na sote watatu tukaitazama ikienda. Mtu anayefanya kazi isiyoonekana hana mnara wa kutuachia. Akibahatika, anaacha mkono mwingine unaojua kuvuta kabla ya kusukuma.